Mama, Kesho Wenzangu Watagoma na Mimi Nitashuka

Mama yangu mpendwa,

Ng'wadila, mayu. Nakupa salamu ya alasiri kwa sababu ni alasiri huku Runzewe, Jumapili, na nimekaa kwenye benchi la Mama Zaituni, mpika chakula, nikiandika kwa kalamu yake. Usishangae kwamba nakuandikia wewe uliyelala Tinde siku nyingi. Nimetafuta mtu aliye hai wa kumwambia kwamba naogopa, nimemkosa. Hapa kila mtu ananitazama mimi. Wanadhani mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi hakuumbiwa woga kama watu wengine.

Barua hii siifungi. Ulipo hakuna posta, na mwenzangu akiiokota, na aisome. Huenda akaelewa kwa nini kesho asubuhi, wao wakiwa wamekaa getini wakigoma, mimi mwenyekiti wao nitakuwa nimeshuka chini ya ardhi kufanya kazi.

Woga wenyewe si ule wa kutetemeka. Nikila, ugali haushuki. Mtu akiniita jina nashtuka kama niliyeiba. Leo asubuhi nilianua nguo kwenye kamba nikaziloweka tena, nimesahau kwamba nimezifua. Na kila nikijaribu kuwaza habari ya mgodi, akili inakimbilia kwenye kinu cha pamba.

Unakumbuka tulivyokuwa tukirudi nyumbani jioni kutoka kinuni? Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, mwisho wa shule yangu, ukaniombea kibarua cha kusukuma marobota. Wewe na akina mama wengine mlikaa uani mkichambua pamba chafu na safi. Sote tulitoka pale na mvi za pamba, hata mimi niliyekuwa sijaota ndevu. Ulikuwa ukinisimamisha kabla hatujafika nyumbani, unaniinamisha kichwa, unanitoa manyoya ya pamba masikioni kwa kidole, huku ukisema, "Usiingie kwangu na mali ya tajiri." Nilikuwa naona haya watu wakipita. Leo ningekaa hapo njiani mpaka giza, unitoe pamba.

Siku ile ya Mzee Kishiwa, mwendesha mashine, tulikuwa wote wawili kazini. Mashine ilimvuta mkono. Sisi wa marobota tulisikia sauti tusiyoijua, kisha tukamsikia msimamizi akipaza sauti, "Mtoeni, lakini mashine nyingine zisizimwe!" Wewe ulikuwa umeinama kwenye pamba yako. Ukasimama, ukaweka viganja mdomoni, ukapiga mwano.

Asomaye asiye wa kwetu ajue kwamba mwano ni ukelele wa hatari wa Wasukuma. Ng'ombe wakiibwa, nyumba ikishika moto, mmoja anaupiga, jirani anaupokea, na wa mbele anaupokea tena, mpaka vijiji vizima viko mbioni na chochote walichoshika mkononi. Hakuna kuuliza kuna nini. Anayebaki nyumbani anatozwa faini, na akikaidi anatengwa, haombi moto kwa jirani wala hasaidiwi kuzika. Wewe mwenyewe ulinifunza nikiwa mdogo: "Mwano haujibiwi kwa mdomo, mwanangu. Unajibiwa kwa miguu."

Basi kinu kizima kilijibu kwa miguu. Wachambuaji, wasukuma marobota, waendesha mashine, hata fundi wa jenereta na mlinzi wa geti. Mzee Kishiwa alibebwa kwa mlango uliong'olewa. Na kwa kuwa waliokimbilia mwano hawatawanyiki mpaka aliyeupiga aseme tawanyikeni, na wewe hukusema, tulikaa nje ya geti, siku ya kwanza, ya pili, mpaka nikaacha kuhesabu. Mlipika uji pale pale. Watu wa Tinde walituletea michembe ya viazi. Sijawahi kukuona mrefu kama siku zile, mama. Tajiri wa kinu, aliyekuwa akipita na gari bila kugeuza shingo, alishuka akakwambia, "Shikamoo, mama." Nawe ukamwitikia marahaba kwa utulivu, kama mwalimu mkuu. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba watu wasio na kitu, wakikaa chini pamoja, gari la tajiri linasimama.

Kisha bwana wa chama cha wafanyakazi akafika kutoka mjini na pikipiki, kachoka, kachafuka vumbi. Maneno yenu ninayo mpaka leo.

"Mama Mabula, mgomo una taratibu zake. Kuna usuluhishi, kuna kura, kuna notisi. Mngeniita kwanza."

"Mwano unaombewa kibali?"

"Huu si mwano, mama. Huu ni mgomo."

"Mtu amekatika mkono, wewe unanifundisha majina?"

Watu walikushangilia, yeye akainamisha kichwa. Lakini sheria ilikuwa upande wake. Kesho yake tukakuta tangazo getini kwamba sote tumeacha kazi bila taarifa, sote tumefukuzwa. Na mashine zilizoachwa zikizunguka peke yake zilikuwa zimejiharibu.

Pamba ya wakulima ilikuwa imerundikwa uani ikingoja kuchambuliwa. Mvua za kwanza zikaikuta hapo hapo. Mjomba, ndugu yako wa tumbo moja, pamba yake ya msimu mzima ilikuwa kwenye lundo lile, ikaoza, ikanuka kama matambara ya jikoni. Alikuja nyumbani, akakataa kiti. Akakuuliza akiwa amesimama, "Dada, ule mwano uliupiga kwa ajili ya nani? Mbona aliyeibiwa ni mimi?"

Uliendelea kukoroga mboga ambayo ilikuwa imeshaiva.

Kinu hakikufunguliwa tena. Fundi baiskeli aliyekaa mkabala na geti akahama, mama wa uji akahama, duka la khanga likageuka ghala la mtu, kisha likawa la popo. Wengine wakasema Mama Mabula kaua kinu. Wengine wakasema tajiri alishataka kuondoka zamani, alikuwa anatafuta sababu, sisi tukampa. Ipi ni kweli, mama? Nimezeeka na swali hilo.

Ukaanza kuuza michembe na matobolwa, viazi vya kuchemshwa na kukaushwa, pembeni mwa barabara pale Tinde, unakimbilia malori na beseni kichwani. Mzee Kishiwa alipona. Kila mavuno ya karanga alikuletea kibuyu, akikushikisha kwa mkono uliobaki. Siku moja alipoondoka, ulikuwa unamenya karanga, ukaniambia bila kuniangalia, "Mwano haukukosea. Mkono ule ulikuwa mkono wa mtu. Tulichokosea, hatukuacha mtu wa kubaki na mashine."

Niliona ni maneno ya mtu aliyechoka. Sasa ndiyo yananizuia kula.

Nikueleze ya huku. Mgodi wetu wa dhahabu si mkubwa kama ule wa Geita mjini. Tunashuka kwa njia ya mteremko, wenye kutoboa mwamba wanatoboa, wenye kulipua wanalipua, na mimi ni mtu wa pampu. Chini kule maji hayalali. Yanatoka kwenye nyufa za mwamba wakati wote, na pampu zikisimama yanapanda. Nimeshinda na maji yale mpaka nayajua hasira zake. Nikitoka, miguu imejikunja kama ya mtu aliyekaa ziwani.

Kabla ya chama tulikuwa watu wa mikataba mifupi. Ukilalamika leo, mkataba ukiisha huitwi tena. Hakuna aliyekufukuza, hakuna wa kumlaumu. Basi tukanyamaza, kila mtu na kikohozi chake. Chama kilipofungua tawi tulijiunga kwa kunong'onezana, kama watu wanaoposa kwenye nyumba yenye mbwa mkali. Tukapata makubaliano. Mishahara ikapanda, mikataba ikawa mirefu.

Na hapo nikaona jambo ambalo ningependa tuliongee tukiwa wawili. Tulipoongezwa, mji wote uliongezeka. Mama Zaituni aliacha kupika dagaa peke yake, akaanza kupika nyama. Yeye ni mwenyeji wa Ujiji, mdomo wake ni mali, akatutangazia, "Chama chenu kimeniletea ng'ombe jikoni, Mungu akizidishie wanachama." Vijana waliezeka nyumba kwao kwa bati. Wakulima wa mpunga wakauza mpunga. Lakini mwenye nyumba yangu naye alinifuata akicheka. "Mabula, nasikia mmeongezwa. Basi na mimi naongeza kodi." Mwalimu wa shule ya msingi niliyepanga naye, ambaye hakuna aliyemwongeza, alihama akaenda chumba cha mbali zaidi. Alinisalimu vizuri wakati anabeba godoro.

Ndivyo nilivyojifunza kwamba nguvu yetu haikomei getini. Ikipanda inagusa watu, na ikianguka inawaangukia watu hao hao. Ng'ambo ya uzio wetu kuna wachimbaji wadogo na maduara yao, yale mashimo ya kuchimba kwa mkono. Maduara yao ni makavu kwa sababu pampu zetu zinavuta maji ya mwamba wote. Hawana chama, hawana mkataba, na wengi hawajui kwamba wanachimba pakavu kwa sababu mimi nimewasha pampu. Kila nikiwatazama namwona mjomba amesimama, amekataa kiti.

Feni ya kusukuma hewa kule chini ilianza kuchoka. Inazunguka, inapumzika, inazunguka. Baada ya kulipua, moshi wa baruti haukuwa ukitoka wote. Tulisema, tukaambiwa kifaa kimeagizwa. Tukasema tena, tukaambiwa kiko njiani. Kisha Bakari, mtoboaji mwamba, kijana wa Tabora anayeimba kaswida akifanya kazi, alinyamaza katikati ya wimbo. Tulipomfikia alikuwa amekalia matope, macho wazi, midomo imebadilika rangi. Tulimpandisha kwa mikono. Yuko hospitali mpaka leo. Anapumua kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija.

Pale juu, tulipomlaza Bakari chini, Shija alinishika ukosi. Shija ni kijana wa Kharumwa, mtu wa kulipua, ana nguvu na ana haraka. Akanisemesha Kisukuma mbele ya wote, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wa makabila mengine wasikie.

"Piga mwano, mwenyekiti! Tutoke wote sasa hivi! Unangoja nini?"

Nilifungua mdomo. Nakuapia, sauti yako ilikuwa imeshafika kooni. Nikaona kinu. Nikafunga mdomo.

"Tutafuata taratibu," nikasema.

"Taratibu! Bakari anakata roho, wewe unataka taratibu! Tumesikia mama yako alisimamisha kinu kizima. Kumbe simba alizaa sungura."

Watu walicheka kicheko kile kisicho na furaha. Na mimi nilijisikia sungura, mama, mpaka masikio nikayaona marefu.

Tukafuata taratibu. Tukapeleka madai kwamba feni mpya ifungwe, na mtu asishushwe penye moshi. Tukaenda kwenye usuluhishi, tukakaa kwenye viti vya plastiki tukisikilizana bila kusikizana. Ikashindikana. Tukapiga kura, wengi wakataka mgomo. Tukatoa notisi, na muda wake unaisha kesho asubuhi. Kila hatua Shija alikuwa akiniuliza, "Bado tu?" kama mtoto anayengoja maharage.

Siku ya kupeleka notisi, meneja alitupokea vizuri mno. Alitukaribisha soda. Nikamwambia kwamba tukigoma tutaacha watu wa pampu ili maji yasijae. Akatabasamu, akaegemea kiti.

"Ya nini kujisumbua? Mkitoka, tokeni wote. Hakuna anayewalazimisha kubaki kwenye pampu."

Wenzangu walifurahi, waliona ametuogopa. Mimi niliona kama mlango wa kile kinu umefunguliwa tena mbele yangu. Maji yakijaa, mitambo ikizama, maduara ya watu yakifurika, hakuna atakayeuliza habari ya feni. Kila mtu atasema chama kimeua mgodi. Na huenda wenye mgodi wamechoka nao, wanatafuta wa kumwachia lawama. Sijui. Sikujua kwa tajiri wa kinu, sijui kwa hawa.

Tulipotoka niliwaambia watu wa tawi, "Watu wa pampu watabaki. Na mimi nitakuwa wa kwanza kushuka."

Shija aliruka. "Kwa hiyo sisi tugome, wewe upige kazi? Mshahara wako si utaingia?"

"Hautaingia. Nimeiambia kampuni iukate kama wenu."

"Basi wewe ni mwehu, si msaliti," akasema, na safari hii watu walicheka vizuri kidogo.

Mzee mmoja wa karakana akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na feni je? Tukigoma, feni anaiwasha nani?"

Feni iko mikononi mwa kampuni. Wamesema wataiacha iwake kwa ajili ya watu wa pampu. Wamesema. Ni feni ile ile iliyomwangusha Bakari. Kwa kuwa hapatakuwa na kulipua, moshi utakuwa mchache, hilo najua. Lakini hewa ya kule chini huzeeka hata bila moshi, na wakiizima feni kwa bahati mbaya, au kwa bahati nzuri yao, sisi wachache tutakuwa chini tukisikiliza pampu tu.

Hapo ndipo woga wangu unapokaa. Si kufukuzwa, nimeshafukuzwa na nikala michembe nikaishi. Naogopa mambo mawili yanayovutana. Nikiacha pampu, nitawazamisha watu kama pamba ya mjomba. Nikizifuata, huenda ikawa ni mimi wa kubebwa kwa mlango. Mke wangu yuko Tinde na watoto, sijamwambia. Nimemwambia kuna mkutano.

Mama Zaituni ananipitia sasa hivi na sufuria. Tangu juzi ananiuliza swali moja.

"Mwenyekiti, kesho nipike au nisipike?"

"Mama, sijui."

"Wewe hujui, meneja hajui, chama hakijui. Mchele wangu ndio ujue?"

Nimecheka, mama. Ni mara ya kwanza leo. Yeye alikuwa hacheki. Amefuta meza mahali palipokuwa pameshafutwa, akaenda zake.

Jana nilimwita Shija pembeni. Nilimweleza habari yako yote, kinu, Mzee Kishiwa, mjomba. Alisikiliza akichora chini kwa kidole cha mguu. Alikuwa hajui mwisho wa hadithi. Alijua ule mwano tu, kwa kuwa watu wanapenda kusimulia mwanzo.

Nikamwambia, "Mgomo una notisi, na tumeshaitoa. Lakini mtu hana notisi. Kesho usikae getini na wengine. Kaa mdomoni mwa mteremko, usikilize feni. Ikinyamaza, usimwite meneja, usinipigie simu, chini haipatikani. Piga mwano."

Akaniangalia. "Niupige kweli?"

"Uupige mpaka Kharumwa wausikie. Na wote waingie kwa miguu, wa chama na wasio wa chama, wa ng'ambo ya uzio nao. Hapo hakuna kuuliza."

Kisha akasema, "Mabula, lile la sungura nililitamka kwa hasira."

"Najua."

"Lakini una masikio marefu kweli."

Nimekuja kujua, mama, kwamba wewe na yule bwana wa chama mwenye pikipiki mlikuwa mnasema kweli nyote wawili, yeye ya taratibu na wewe ya mwano, na kinu kilikufa katikati yenu kwa sababu mlisemea getini, mkiwa mmechelewa. Mimi nimejaribu kuziweka kweli hizo mbili siku moja, moja juu na moja chini. Sijui kama zitakaa. Kama ungekuwepo ungeniambia nimekosea wapi, au ungeniinamisha kichwa unitoe matope masikioni, ninyamaze kidogo.

Nimemaliza karatasi. Mama Zaituni amerudi, amesimama nyuma yangu, na nadhani amesoma mistari miwili mitatu maana hakuniuliza tena swali lake. Amesema tu, "Kesho nitapika uji, inshallah. Wa getini watakunywa. Wako nitauweka kwenye chupa, utaukuta wa moto ukipanda."

Nimemwambia asiuzidishe sukari.

Lala, mayu. Kesho nitakapokuwa nashuka nitaisikiliza feni mpaka nifike kwenye maji, na nikifika nitawasha pampu. Ukisikia mwano huko uliko, ujue si mgomo. Ni mimi. Ujibu kwa miguu.

Mwanao uliyemtoa pamba masikioni,
Mabula